Shajara ya mradi: seva ya nyumbani, simu na njia ya kutokea

Septemba 2025: mipaka ya kazi

Mradi huu ni wa kuhamisha data za familia moja kutoka kwenye huduma za mtandaoni za kampuni mbalimbali hadi kwenye seva tunayoimiliki na kuiendesha wenyewe, pamoja na kubadilisha vifaa vya kila siku pale ambapo kifaa chenyewe ndicho kinachovujisha habari. Vinavyohama ni picha, kalenda, orodha ya anwani, nywila na nyaraka. Ninaandika shajara kwa sababu maamuzi ya kazi kama hii hufanyika haraka, na baada ya miezi michache huwa hakuna anayekumbuka kwa nini programu moja ilichukuliwa na nyingine ikaachwa, hata yule aliyechagua.

Kigezo nilichokiweka kabla ya kugusa mashine yoyote ni kimoja: kila programu itaulizwa kwanza data zake zitatokaje, ndipo iulizwe inafanya nini. Faragha ndiyo iliyotusukuma kuanza, lakini haisaidii sana wakati wa kuchagua, kwa kuwa hakuna muuzaji asiyedai kuiheshimu, na mtumiaji wa kawaida hana namna ya kuyapima madai hayo. Njia ya kutokea inapimika. Mtu anaweza kutoa data zake, akazifungua kwa programu nyingine, akaona kilichobaki na kilichopotea.

Kigezo hicho kimeanza kazi mapema, kwenye picha. Huduma tuliyokuwa tukiitumia inaruhusu kupakua kila kitu kwa mkupuo, na picha zilifika salama katika mafaili makubwa ya zip. Hata hivyo, sehemu ya taarifa zake haikuwa ndani ya picha. Maelezo tuliyoyaandika na tarehe tulizozirekebisha kwa mkono vilikuja katika faili dogo la maandishi la JSON lililowekwa kando ya kila picha, na faili hilo huandika wakati kwa idadi ya sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970. Picha ya zamani iliyochanganuliwa kutoka kwenye karatasi ilibeba ndani yake tarehe ya siku ya kuchanganuliwa, ilhali tarehe halisi tuliyoiweka wenyewe iliishi kwenye JSON peke yake. Mtu akizihamisha picha na kuyafuta hayo mafaili madogo kwa kuyaona ni takataka, harusi ya wazazi wake itaonekana kufanyika mwaka aliponunua skana. Kazi ya kuzirudisha tarehe hizo ndani ya picha imefanywa na ExifTool, programu huria ya Phil Harvey, ambayo husoma JSON na kuandika thamani zake katika EXIF, sehemu ya ndani ya faili la picha inayobeba taarifa zake. Nimehifadhi pia nakala ya zip asili bila kuigusa, na itabaki hivyo hadi mradi utakapokamilika.

Barua pepe iko nje ya mradi, na ninaandika sababu kwa sababu najua nitaulizwa. Programu za kuendesha seva ya barua zipo, ni nzuri, na itifaki ya SMTP inayotumika kutuma barua ilichapishwa tangu 1982. Ugumu uko kwa anayepokea. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga poti namba 25, ambayo seva hutumia kupelekeana barua, kwa wateja wa majumbani, anwani za IP za majumbani huwekwa kwenye orodha za anwani zisizotarajiwa kutuma barua, na hata mtu akiweka sawasawa rekodi za kuthibitisha mtumaji (SPF, DKIM na DMARC), barua yake bado inaweza kutupwa kwenye taka bila yeye kuarifiwa. Huduma ambayo kushindwa kwake hakuonekani haifai kuendeshwa na mtu mmoja anayelala usiku. Tulichofanya ni kununua kikoa chetu, yaani jina letu wenyewe la mtandaoni, tukalipia mtoa huduma wa barua, na kila usiku seva ya nyumbani hupakua nakala ya barua zote kwa itifaki ya IMAP. Mtoa huduma akibadilika tabia, tunaelekeza kikoa kwingine na anwani zetu hazibadiliki. Mlango wa kutokea uko kwenye kikoa. Ni nani mwenye seva ya barua ni swali dogo kuliko watu wanavyodhani.

Oktoba 2025: mashine

Tarehe 14 mwezi huu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi zenye nguvu ya kutosha zimekosa sifa za kupandishwa hadi Windows 11. Kwa mwenye kutafuta seva ya nyumbani, hiyo ni neema: mashine ambayo mwenyewe anaiona imekwisha kazi inaendesha Linux bila kulalamika. Nimechukua kompyuta mpakato ya namna hiyo badala ya kununua kompyuta ya ubao mmoja kama Raspberry Pi.

Sababu ya kwanza ni diski. Kompyuta za ubao mmoja kwa kawaida huwashwa kutoka kwenye kadi ya SD, na kadi hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya hifadhidata inayoandika saa zote. Zinachakaa na kufa ghafla. Sababu ya pili ni betri, ambayo inaipa kompyuta mpakato uwezo wa kuvuka kukatika kwa umeme bila kifaa cha ziada. Betri inayokaa imejaa muda wote huvimba, kwa hiyo nimeweka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kupitia faili la `charge_control_end_threshold`, ambalo Linux huliweka wazi kwa mashine nyingi. Katika `logind.conf` nimeandika `HandleLidSwitch=ignore`, ili kufunga kifuniko kusiilaze mashine. Mistari hiyo miwili ndiyo yote iliyohitajika kuigeuza kompyuta mpakato ya mtu kuwa seva ya kwenye rafu.

Nimesoma sana kuhusu Intel Management Engine, kichakataji kidogo kilichomo ndani ya mashine za Intel kinachoendesha programu ambayo msimbo wake haujafunguliwa, na kuhusu mwenzake wa AMD. Wapo wanaokimbilia kompyuta za zamani zinazokubali Libreboot, programu huria ya kuwashia kompyuta, ili kuliepuka jambo hilo. Ninawaheshimu, lakini sikuwafuata. Tunayejikinga naye ni kampuni inayoishi kwa kukusanya tabia za watu, na mwizi anayeweza kuingia nyumbani akabeba mashine. Hatujikingi na idara ya ujasusi. Tena hata Raspberry Pi, inayosifiwa kwa uwazi, huwashwa na programu dhibiti iliyofungwa. Kifaa kilicho wazi kuanzia silikoni hadi skrini ni nadra mno, na anayesubiri akipate ndipo aanze ataendelea kuziacha picha zake zilipo.

Ruta imepata OpenWrt, mfumo huria wa ruta unaotumia Linux. Mradi huo una asili ya kuvutia: mwaka 2003 Linksys ilitakiwa kuchapisha msimbo wa ruta yake ya WRT54G kwa kuwa ulitumia Linux, ambayo leseni yake ya GPL inalazimisha hivyo, na kufikia 2004 watu walikuwa wameanza kujenga mfumo wao juu ya msimbo huo. Faida kwetu ni masasisho, kwa kuwa mtengenezaji wa ruta yetu aliacha kuyatoa zamani.

Mwishoni mwa Oktoba: mfumo na diski iliyofungwa

Mfumo endeshi wa seva ni Linux ya Debian 13, iliyotoka Agosti mwaka huu. Nilitamani kidogo mfumo unaopokea programu mpya kila wiki, kisha nikakumbuka mkasa wa Machi 2024 wa xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejijengea imani katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili alipachika mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ukilenga kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuiongoza kompyuta kutoka mbali. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aliugundua baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na kula nguvu ya kichakataji isivyo kawaida. Debian thabiti haikuguswa, kwa sababu matoleo hayo mawili yalikuwa bado hayajaifikia. Kwa seva inayohifadhi nyaraka za familia, kuchelewa kidogo kuna thamani. Marekebisho ya usalama peke yake ndiyo yanayoingia yenyewe, kupitia `unattended-upgrades`.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi mwezi huu ni usimbaji fiche wa diski. LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski nzima, huwekwa kwa kuchagua kisanduku kimoja wakati wa kusakinisha. Tatizo ni kwamba diski iliyofungwa inahitaji nenosiri kila mashine inapowaka, na seva hukaa mahali pasipo na mtu wala kibodi. Umeme ukikatika muda mrefu hadi betri ikaisha, seva itawaka na kusimama ikisubiri.

Njia ni tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuunganisha kibodi na kuandika, ambayo ni salama na inachosha. Ya pili ni kuhifadhi ufunguo ndani ya TPM, chipu ya kutunzia funguo iliyomo kwenye kompyuta, ili mashine ijifungue yenyewe. Ni raha, lakini mwizi akibeba mashine nzima amebeba na ufunguo, na kinachobaki kati yake na data ni skrini ya kuingilia tu. Njia hiyo inamlinda mtu anayetupa diski ya zamani, haimlindi anayeibiwa kompyuta. Ya tatu ni `dropbear-initramfs`, seva ndogo ya SSH inayowaka kabla ya diski kufunguliwa, ambapo mtu aliye kwenye mtandao wa nyumbani huingia kwa ufunguo wake, huandika nenosiri, na mashine huendelea kuwaka.

Nimechukua ya tatu, kwa tahadhari moja. Ufunguo unaoitambulisha seva hiyo ndogo hukaa katika sehemu ya diski isiyofungwa, hivyo mwenye kuishika mashine anaweza kuusoma. Kwa sababu hiyo haufanani na ufunguo wa SSH wa mfumo kamili, na kwenye kompyuta yangu seva hiyo imeandikwa kwa jina tofauti na poti tofauti, ili nisije nikazichanganya mbili hizo. Njia hii haifanyi kazi nikiwa mbali, kwa kuwa mtandao wa siri (VPN) wa kuifikia nyumbani kutoka nje huwaka baadaye. Nimekubali. Nikiwa safarini, aliyeko nyumbani ataandika nenosiri, na kama hakuna aliyeko nyumbani, seva itasubiri. Picha za mwaka jana haziozi kwa kusubiri wiki moja.

Novemba 2025: kuifikia seva kutoka nje

Kabla ya kupanga lolote nililinganisha anwani ya IP iliyoandikwa kwenye ruta na ile inayoonekana kutoka nje. Hazikulingana. Ya ruta iko katika kundi la 100.64.0.0/10, lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Maana yake ni kwamba maelekezo yote ya kufungua poti kwenye ruta hayatusaidii, kwa kuwa kuna ruta nyingine mbele yetu ambayo si yetu.

Sikusikitika, kwani sikuwa na nia ya kuiweka huduma yoyote wazi kwenye intaneti. Kila ukurasa wa kuingilia ulio wazi hubishwa hodi na mashine za kubahatisha nywila mchana na usiku, na programu za picha au kalenda zinazoendelezwa na watu wachache hazikuandikwa kwa ajili ya vita hiyo. Tunatumia WireGuard, programu ya mtandao wa siri (VPN). Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na msimbo wake wa awali ulikuwa na mistari kama elfu nne, kiasi ambacho mkaguzi mmoja anaweza kukisoma chote. Tabia yake ninayoipenda ni ukimya: pakiti isiyotoka kwa mwenye ufunguo unaotambulika haijibiwi kabisa, hivyo anayepapasa kutoka nje hajui hata kama kuna kitu.

Kwa kuwa hatuna anwani ya umma, kuna seva pepe ndogo ya kukodi iliyo katikati. Seva ya nyumbani huipigia na kuishikilia njia, kwa kutuma pakiti ndogo kila baada ya sekunde 25, na simu zetu hupitia hapo. Hapa ndipo watu wengi huacha mwanya: wakimalizia usimbaji fiche kwenye seva ya kukodi, mwenye mashine hiyo anaweza kuona kila kitu, na data zitakuwa zimetoka kwa kampuni moja zikaingia kwa nyingine. Kwetu seva ya kukodi hupitisha pakiti za UDP tu kama zilivyo. Funguo ziko kwenye simu na nyumbani.

Vyeti vya HTTPS, vinavyothibitisha seva kwa kivinjari, bado vinahitajika, kwa kuwa vivinjari na programu za simu hukataa au kunung'unika bila hivyo. Shirika la Let's Encrypt huvitoa bure, vya siku 90, na njia yake ya DNS-01 humthibitisha mwenye kikoa kwa rekodi ya DNS (mfumo wa majina ya intaneti) bila seva kufikika kutoka nje. Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni kwamba kila cheti cha umma huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Ukiomba cheti cha jina kama picha au nywila mbele ya kikoa chako, umetangaza unachoendesha. Tumeomba cheti cha kinyota, kinachofunika majina yote bila kuyataja. Kazi yote ya kuomba na kuhuisha imeachiwa Caddy, programu ya seva ya wavuti. Hiyo ni busara, kwa sababu umri wa vyeti unazidi kufupishwa, na kufikia Machi 2029 hakuna cheti kipya cha umma kitakachozidi siku 47. Anayehuisha kwa mkono atachoka kabla ya hapo.

Desemba 2025: programu

Nyaraka zinasawazishwa na Syncthing. Nextcloud, programu kubwa ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili, ilikuwa mgombea wa wazi, na ningeipendekeza kwa ofisi, lakini kwa familia ni nyumba yenye vyumba vingi mno vya kufagia: hifadhidata, PHP, na programu jalizi ambazo kila sasisho kubwa hugombana na baadhi yake. Syncthing hulinganisha folda kati ya vifaa moja kwa moja, na faili hubaki faili. Njia ya kutokea ni kuizima tu. Ila isichukuliwe kuwa ni nakala rudufu, maana faili likifutwa kwenye simu hufutwa kwenye seva pia. Nimewasha utunzaji wa matoleo ya zamani upande wa seva, na nakala rudufu halisi zina sehemu yake hapa chini.

Syncthing pia ni mfano mzuri wa maana ya msimbo kuwa huria. Mwishoni mwa 2024 waendelezaji wake waliacha kutoa programu rasmi ya Android. Kama ingekuwa programu iliyofungwa, hadithi ingeishia hapo. Kwa kuwa msimbo uko wazi, toleo la pembeni lililokuwapo liliendelea, na watumiaji wakahamia huko na folda zao zilezile. Kabla ya hapo ownCloud ilizaa Nextcloud mwaka 2016, na msimbo wa Emby, seva ya filamu na muziki, ulipofungwa mwishoni mwa 2018 ikazaliwa Jellyfin. Kwa hiyo ninapoitazama leseni sitafuti usafi wa kidini. Ninataka kujua kama watu wengine wataruhusiwa kuendelea pale wenyewe watakapoondoka au kugeuka. Naangalia pia kama wachangiaji wanatakiwa kuikabidhi kampuni haki zao zote, kwani hapo ndipo mageuzi ya ghafla ya leseni huanzia.

Kalenda na anwani ziko kwenye Radicale. Ni programu ndogo ya Python inayotumia viwango vya wazi vya kusawazisha kalenda na anwani, CalDAV na CardDAV, na kila tukio la kalenda ni faili moja la ics ndani ya folda. Nimelifungua moja kwa kihariri cha kawaida: jina la tukio, wakati wa kuanza, wakati wa kumaliza, basi. Simu za Android huunganishwa kwa programu ya DAVx5. Sina la kuongeza. Ndiyo huduma iliyonipa kazi ndogo kuliko zote.

Nywila hazina seva. Vaultwarden, seva ya nywila, ingefaa, imeandikwa kwa lugha ya Rust na inafanya kazi na programu za nywila za Bitwarden, lakini ingefanya nywila zetu zitegemee mashine ambayo kuiwasha kunahitaji nywila. KeePassXC huhifadhi kila kitu katika faili moja la kdbx lililofungwa, linalofunguliwa na programu nyingi zisizohusiana, na Syncthing hulisambaza. Watu wawili wakilihariri kwa wakati mmoja, Syncthing huacha faili la pili lenye maneno `sync-conflict` katika jina lake, na KeePassXC ina amri ya kuyaunganisha mawili. Kwa watu wachache inatosha.

Picha ziko kwenye Immich, programu huria ya albamu za picha, iliyotangaza toleo lake thabiti la 2.0 mwezi Oktoba, na hiyo ndiyo sababu sikuanza nayo mapema. Utambuzi wa nyuso na utafutaji kwa maneno hufanyika ndani ya kompyuta yetu. Uchambuzi wa mwanzo uliichemsha mashine ipasavyo, kisha ikatulia. Picha asili haziguswi, ila albamu, majina ya watu na vipendwa vinakaa katika hifadhidata ya PostgreSQL. Njia ya kutokea ni nusu wazi, nusu imeegeshwa, na nimeridhia hivyo kwa sababu picha ni mali na albamu ni mpangilio. Tarehe na mahali, ambavyo havina mbadala, tulishaviandika ndani ya picha zenyewe mwezi Septemba.

Januari 2026: simu

Seva nyumbani haina maana kubwa ikiwa simu inayotuma picha inaripoti mahali ilipo saa zote. Nimebadilisha simu yangu kwanza, kisha za wengine waliotaka.

Mfumo niliouchagua ni GrapheneOS, Android iliyokazwa usalama na isiyokuja na huduma za Google. Kwa sasa unaendeshwa kwenye simu za Pixel, ambazo zinatengenezwa na Google, na kichekesho hicho kila mtu hukiona. Sababu ni ya kiufundi. Pixel inamruhusu mtumiaji kuweka mfumo mwingine kisha kuifunga tena kufuli ya kuwashia kwa ufunguo wa mfumo huo mpya, hivyo kila simu inapowaka huhakikisha kuwa mfumo haujachezewa. Kwenye simu nyingi zinazopokea LineageOS, mfumo mwingine huria wa Android, kufuli hiyo hubaki wazi, na anayeishika simu kwa dakika chache anaweza kupandikiza kitu. LineageOS ina faida yake, kwani huongezea uhai simu zilizotelekezwa na watengenezaji, lakini haiwezi kutoa marekebisho ya programu dhibiti ambayo mtengenezaji mwenyewe ameacha kuyatoa. Pixel 8 na zilizofuata zimeahidiwa masasisho ya miaka 7 tangu kuuzwa, na kwangu ahadi hiyo ina uzito kuliko kamera.

Baada ya kusakinisha, simu huonyesha kwenye skrini ya kuwaka alama ya ufunguo uliotumika, mfuatano wa herufi na tarakimu, na mradi umechapisha alama sahihi kwa kila modeli. Nilizilinganisha kwa kutumia kompyuta nyingine, tofauti na ile niliyosakinishia. Ni kazi ya kuchosha macho, na ndiyo inayothibitisha kuwa kilichomo ni chenyewe.

Programu nyingi zinatoka F-Droid, duka la programu huria. Zile chache zinazodai huduma za Google zimewekwa katika wasifu wa pembeni, ambamo huduma hizo huendeshwa kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka maalumu. Ruhusa ya mtandao inaweza kunyimwa programu yoyote, na kibodi ndiyo ya kwanza kunyimwa. Programu moja ya benki imekataa kufunguka, kwa kuwa inataka uthibitisho wa Google kwamba mfumo ni ule uliopitishwa. Tovuti ya benki inafanya kazi kwenye kivinjari, kwa hiyo hatukuhangaika, lakini anayetegemea programu ya benki kwa kila malipo aijaribu kabla ya kuuza simu yake ya zamani.

Wawili nyumbani wamebaki na simu zao. Nimewawekea DAVx5 na programu ya Immich, basi. Kumlazimisha mtu mfumo asioutaka ni njia ya uhakika ya kumfanya afungue akaunti ya siri mahali palepale tulipopakimbia.

Februari 2026: kurejesha

Nakala rudufu zinafanywa na restic, ambayo husimba data kabla hazijaondoka kwenye mashine. Kila usiku hifadhidata ya Immich hutolewa kwanza kuwa faili kwa `pg_dump`, ndipo mafaili yanakiliwa. Mpangilio huo una maana, kwa sababu hifadhidata ya zamani kidogo yenye mafaili mapya inatibika, ilhali hifadhidata inayotaja mafaili yasiyokuwepo inasumbua. Nakala moja iko kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu anayeishi mbali, ambako `rest-server`, seva ya kupokea nakala za restic, inaendeshwa kwa hali ya kuongeza tu: seva yetu inaweza kupeleka, haiwezi kufuta. Mvamizi akiishika seva yetu leo, atashindwa kuharibu ya jana.

Jaribio lenyewe lilifanywa na mdogo wangu, ambaye hana uzoefu na Linux, akiwa na mashine tupu, diski ya nje na karatasi mbili nilizochapisha. Mimi nilikaa pembeni bila kusema. Alisakinisha Debian, akairejesha hazina, akaipakia hifadhidata, na ukurasa wa Immich ukafunguka ukiwa na albamu zake. Kisha akauliza: "Dada, zimerudi, lakini nitajuaje kuwa ni zote?"

Swali hilo limeongeza ukurasa wa tatu. Sasa kila usiku, kabla ya restic kuanza, skripti huandika orodha ya mafaili yote pamoja na alama ya SHA-256 ya kila faili, ambayo hubadilika faili likibadilika hata kidogo, na orodha hiyo huingia katika nakala. Anayerejesha huendesha `sha256sum -c --quiet` na kuona tu yale yasiyolingana. Mara moja kwa mwezi seva pia husoma sehemu ya nakala yenyewe kwa `restic check --read-data-subset`, kwa sababu diski inayoharibika polepole haitoi taarifa hadi siku faili husika linapoombwa.

Nywila ya restic na ya LUKS zimeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, mahali panapojulikana na watu wazima wawili. Wapo watakaoshtuka. Usimbaji fiche usio na karatasi mahali fulani unazilinda data dhidi ya warithi kwa ukali uleule unaozilinda dhidi ya mwizi.

Akaunti ya picha ya zamani imefungwa wiki hii, baada ya jaribio la pili kulingana bila faili hata moja kukosekana. Zip asili za Septemba zimeondolewa kwenye seva, na nakala yake moja imebaki kwenye diski ya nje. Kilichosalia kwenye orodha ni runinga, ambayo OpenWrt inaonyesha kuwa inawasiliana na seva za nje hata ikiwa imezimwa kwa rimoti. Kwa sasa imenyimwa intaneti kwenye ruta, na kazi ya mwezi Machi ni kuamua kama itaunganishwa na kompyuta ndogo yenye Jellyfin au itabaki kuwa skrini tu.